Moto wa Umeme Chini ya Birika

Katika chumba nilichofundishiwa chai mjini Kyoto, moto wa chini ya birika ulikuwa wa umeme. Niliugundua katika wiki ya tatu, Sensei, yaani mwalimu wangu, alipoliinua birika la chuma kwenda kulijaza maji, nikaona kwamba vile vipande vyeusi nilivyovidhani kuwa mkaa vilikuwa vya udongo, vimezungukwa na koili nyekundu ya moto, na kwamba waya wake ulipita chini ya mkeka wa tatami hadi kwenye soketi iliyofichwa nyuma ya pazia. Sensei aliniona nikitazama. Alisema, bila haya yoyote, kwamba katika jengo lile la ghorofa mkaa umekatazwa, kisha akarudi na birika lake, akapiga magoti, akanikumbusha kwamba kata ya mwanzi hushikwa kwa vidole hivi na si vile, kwa sababu ndivyo inavyoshikwa tangu zama za Rikyu, bingwa wa chai wa karne ya 16.

Nilikuwa nimefika mjini humo mwaka 2013 kwa masomo ya uzamili, na kwa miaka mitatu nilikwenda kwa Sensei kila Jumamosi alasiri pamoja na wanafunzi wengine wanne, wote wanawake, watatu kati yao wakiwa na umri wa kunizaa. Nilianza nikiamini, kama wanavyoamini wageni wengi, kwamba nimeingia katika kitu cha miaka mia nne kilichobaki vilevile kama mdudu aliyenaswa ndani ya sandarusi. Nilimaliza nikiamini jambo jingine: kwamba mengi ambayo mikono yangu ilifundishwa yalikuwa kazi ya watu wa mwisho wa karne ya 19 na wa karne ya 20, watu waliopigwa picha kwa kamera, na mmoja wao wakati ule alikuwa bado hai, ana miaka tisini, akitembea wima katika mji uleule. Hakuna aliyelificha jambo hilo. Ila hakuna aliyelitamka pia, na nadhani huko kutotamkwa ni sehemu ya ustadi wenyewe.

Kwa asiyewahi kuona, shughuli yenyewe huitwa chanoyu, maana yake maji ya moto ya chai. Mwenyeji huwaita wageni wachache, huwapa kitu kitamu, kisha mbele ya macho yao hufuta kijaluba cha chai na kijiko cha mwanzi kwa kitambaa cha hariri kilichokunjwa kwa mikunjo maalumu, husuuza bakuli, hutia unga wa chai ya kijani uitwao macha, huteka maji ya moto kwa kata, na kuupiga unga ule kwa chaseni, kifagio kidogo kilichochanwa kutokana na kipande kimoja cha mwanzi hadi kikawa na nywele nyingi nyembamba. Kuna chai nyepesi yenye povu, usucha, ambayo kila mgeni hupewa bakuli lake. Na kuna chai nzito, koicha, inayokandwa polepole hadi ikawa kama uji mwepesi, ambayo wageni wote huinywa kutoka bakuli moja. Anayetangulia humwambia anayefuata "osaki ni", yaani niwie radhi nakutangulia, hulizungusha bakuli mara mbili ili uso wake usielekee midomo yake, ndipo anywe. Nilipomweleza bibi yangu wa Tanga kwa simu kwamba bakuli moja la chai hii huchukua karibu nusu saa, na kwamba haina sukari, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mgeni mwenye haraka wanamfanyaje, mjukuu wangu?"

Historia ya zamani nitaipita upesi, maana ndiyo inayosimuliwa kila mahali. Sen no Rikyu, mfanyabiashara wa bandari ya Sakai aliyekuwa bingwa wa chai wa mtawala Toyotomi Hideyoshi, aliamriwa na mtawala huyo kujiua mwaka 1591. Kutokana na vitukuu wake watatu zikazaliwa nyumba tatu za chai ambazo hadi leo ziko Kyoto: Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke. Mkuu wa kila nyumba huitwa iemoto, hurithi jina na mamlaka, naye ndiye msemaji wa mwisho kuhusu kila mkunjo wa kitambaa. Kwa zaidi ya karne mbili nyumba hizi zilikula kwa mkono wa makabaila, waliowaweka mabingwa wa chai katika ngome zao na kuwalipa posho ya mpunga.

Mkono huo ulikatika ghafla. Mwaka 1868 utawala wa shoguni, mtawala wa kijeshi, ulianguka, mwaka 1871 majimbo ya makabaila yakafutwa, na posho zikafutika pamoja nayo. Mwaka uliofuata serikali mpya ilitaka kuwahesabu mabingwa wa chai katika kundi moja na watumbuizaji, na mkuu wa 11 wa Urasenke, Gengensai, akaandika kupinga, akisema kwamba chai ni njia ya maadili wala si burudani. Mwaka huohuo, 1872, Kyoto ilifanya maonyesho ya bidhaa na kuruhusu wageni kutoka Ulaya na Marekani waingie, watu wasioweza kukaa juu ya visigino vyao hata kwa dakika tano. Gengensai akabuni namna ya kuandaa chai mezani, mwenyeji na wageni wote wakiwa juu ya viti. Hebu fikiria: mtu anayetetea heshima ya chai kwa serikali kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaitoa chai mkekani na kuiweka juu ya meza, mambo hayo mawili katika mwaka mmoja. Swali la bibi yangu lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla bibi hajazaliwa.

Karne ya 20 ilipoingia, waliokuwa na fedha ya kufanya chai kwa fahari hawakuwa tena makabaila bali mabwanyenye wa viwanda na benki. Kinara wao alikuwa Masuda Takashi, aliyeiongoza kampuni ya Mitsui hadi ikawa miongoni mwa makampuni makubwa kabisa ya biashara Asia. Pamoja naye walikuwepo Hara Tomitaro, tajiri wa hariri wa Yokohama aliyefungulia umma bustani yake ya Sankeien mwaka 1906, Takahashi Yoshio aliyeacha biashara akaorodhesha vyombo mashuhuri vya chai katika majuzuu makubwa yenye picha, na Nezu Kaichiro wa reli. Hawa walinunua kila kilichotupwa na makabaila waliofilisika na mahekalu yaliyokosa ruzuku: mabakuli, vijaluba, maandishi ya watawa, sanamu za Buddha. Wengi wao hawakumnyenyekea iemoto yeyote. Walichanganya taratibu kama walivyopenda, na chumba cha chai kikawa mahali pa kuonyeshana walichopata na, bila shaka, pa kuzungumzia biashara kwa sauti ya chini.

Kisa kimoja chao hakinitoki akilini. Kulikuwa na hati ya kukunja ya karne ya 13, picha za washairi 36 mashuhuri pamoja na mashairi yao, mali ya zamani ya ukoo wa kabaila Satake. Mwaka 1919 aliyekuwa akiimiliki wakati huo alitaka kuiuza, lakini bei ilikuwa kubwa kiasi kwamba hapakupatikana tajiri mmoja wa kuibeba. Masuda akapendekeza ikatwe. Siku ya tarehe 20 Desemba mwaka huo walikusanyika nyumbani kwake Gotenyama, Tokyo, hati ikiwa imegawanywa vipande 37, wakapiga kura ili kila mmoja apate kipande chake. Wote walimtamani binti mfalme, Saigu no Nyogo, aliyechorwa katika mavazi ya rangi nyingi, na Masuda kuliko wote. Kura ikamwangukia mtawa mwenye joho la kawaida. Inasemekana alinuna hadi chumba kizima kikawa kizito, mpaka aliyempata binti mfalme akaona ni heri wabadilishane. Vipande vile vilifanywa picha za kutundika, vipate kutosha katika shubaka la chumba cha chai. Mimi nikisoma kisa hiki husikia mkasi. Na papo hapo hukumbuka kwamba bila watu hawa nusu ya vitu nilivyovitazama kupitia vioo vya makumbusho huenda vingeishia ughaibuni, kwa kuwa wanunuzi wa Boston na Paris walikuwa mlangoni. Sijaweza kuwachukia vya kutosha.

Wakati mabwanyenye wakikata hati, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea kimyakimya madarasani. Atomi Kakei alifungua shule ya wasichana Tokyo mwaka 1875 na kuiweka chai katika ratiba ya masomo. Huko Kyoto shule ya wasichana ilikuwa imeanza hata kabla, mwaka 1872, na wanawake wa nyumba ya Urasenke walihusika kufundisha. Si kwamba wanawake hawakuijua chai kabla ya hapo, kwa maana kulikuwa na wanawake waliojifunza na hata vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yao katika karne ya 18; lakini nafasi ya mbele ilikuwa ya wanaume. Sasa chai ilianza kuhesabiwa miongoni mwa mambo ambayo msichana wa ukoo mwema anafundwa kabla hajaolewa, pamoja na kupanga maua na kushona. Nchini kwetu tungemwita mwalimu wao kungwi, ingawa kungwi huyu alifundisha namna ya kufungua mlango wa karatasi kwa miondoko mitatu bila kutoa sauti.

Sababu ilikuwa fedha kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine haja ya taifa jipya kuwa na namna moja ya adabu. Ennosai, mkuu wa 13 wa Urasenke, aliirithi nyumba iliyokuwa hoi. Mwaka 1908 alianzisha jarida la kila mwezi, na mwaka 1911 akaanza mafunzo ya majira ya joto kwa walimu kutoka mikoani. Jarida ni kitu kidogo mtu akilitazama leo, lakini maana yake ilikuwa nzito: jambo ambalo zamani lilitoka mdomoni mwa mwalimu na kuingia sikioni mwa mwanafunzi, likitofautiana kutoka mji hadi mji, sasa lilichapwa, na mwalimu wa Kyushu, kusini, na mwalimu wa Hokkaido, kaskazini, wakaweka kata mahali palepale. Alikuwepo pia mtu aliyetaka kwenda mbali zaidi. Tanaka Sensho alianzisha jumuiya yake ya chai mwaka 1898, akatangaza kwamba siri za nyumba za chai ni mali ya Wajapani wote, akaanza kuzifundisha na kuzichapisha waziwazi. Nyumba za Kyoto hazikumpenda. Nikitazama nyuma naona kwamba wote wawili, Ennosai na mpinzani wake, walifanya kazi ileile ya kuipeleka chai kwa watu wasio na kasri wala kiwanda.

Ennosai ndiye aliyegusa hata bakuli la pamoja. Nalikumbuka vizuri bakuli langu la kwanza la koicha. Lilikuwa jeusi, zito, la joto kama mwili wa kiumbe, nami nilikuwa wa nne katika safu. Wa kwanza alipiga mafunda matatu na nusu, akafuta ukingo kwa kitambaa chenye unyevu, akalipitisha. Na lilipofika kwangu niliona ndani yake michirizi ya kijani ilikopita midomo mitatu. Chai yenyewe ilikuwa chungu, kisha tamu, nzito ulimini. Nikawaza: hiki ndicho kiini chake, tangu Rikyu. Baadaye sana nikasoma kwamba mwaka 1911, wakati watu wakiogopa kifua kikuu na wakihubiriwa usafi wa kisasa, Ennosai alibuni namna ya kuandaa koicha ambayo kila mgeni hupata bakuli lake. Haikuenea. Ilikaa vitabuni kama mwavuli uliosahauliwa nyuma ya mlango.

Nje ya Japani, chai ilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Okakura Kakuzo, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, alichapisha huko New York mwaka 1906 Kitabu cha Chai, akakiandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Magharibi waliokuwa ndio kwanza wamestaajabia ushindi wa Japani dhidi ya Urusi. Kwa dhihaka aliyoipima vizuri aliwaambia kwamba waliwaita Wajapani washenzi walipokuwa wakijishughulisha na sanaa za amani, wakawaita wastaarabu walipoanza kuua kwa maelfu Manchuria. Kitabu hicho kilipata tafsiri ya Kijapani iliyosomwa na wengi mwaka 1929 tu. Maneno mengi ambayo leo mwongozaji watalii wa Kyoto huyatoa kana kwamba aliyanyonya na maziwa ya mama yake, kuhusu chai kama dini ya uzuri, yalitamkwa kwanza kwa lugha ya kigeni ili kumtetea Mjapani mbele ya mgeni. Hata ule usemi ichigo ichie, yaani kwamba kila mkutano hutokea mara moja tu maishani, ambao huandikwa kwenye mifuko ya biskuti, umepata umbo lake kwa Ii Naosuke, mwanasiasa wa karne ya 19 aliyeuawa nje ya lango la ngome ya Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1860. Sensei alikuwa nao kwenye kalenda jikoni.

Kuhusu miaka ya vita watu wengi wa chai husema machache. Mwaka 1940 nyumba za ukoo wa Sen, ukoo wa Rikyu, ziliadhimisha miaka 350 ya kifo cha Rikyu katika hekalu la Daitokuji kwa mkusanyiko mkubwa, na mwaka huohuo Urasenke ikaunganisha wafuasi wake wote chini ya shirika moja la taifa zima, Tankokai. Ulikuwa wakati ambapo kila kitu nchini humo kilikuwa kikiunganishwa chini ya shirika moja, na sioni kwa nini tujifanye kwamba chai ilikaa kando, peke yake, ikinusa harufu ya ubani. Iliandaliwa kwa heshima madhabahuni, na iliandaliwa kwa askari.

Mmoja wa askari hao alikuwa mrithi wa Urasenke mwenyewe. Sen Genshitsu, aliyezaliwa mwaka 1923, alitolewa chuo kikuu cha Doshisha akaingizwa katika jeshi la majini, akafunzwa urubani, akawekwa katika kikosi cha marubani wa kufa pamoja na ndege zao kwenye kambi ya Tokushima. Alikuwa amebeba vyombo vidogo vya chai vya safarini. Alisimulia mara nyingi jinsi alivyowaandalia wenzake macha kando ya ndege, kwa maji ya moto ya jeshini na kitamu cha maharagwe kutoka katika posho yao, na jinsi wengine walivyomwambia kwamba wakirudi wangependa kunywa chai katika chumba cha kwao Kyoto, wote wakijua kwamba hakuna wa kurudi. Zamu yake haikufika. Vita viliisha, alirudi nyumbani, na alichokikuta, kwa masimulizi yake mwenyewe, ni askari wa Kimarekani waliokaa mkekani kwa taabu huku baba yake akiwafundisha namna ya kushika bakuli.

Mambo mawili yalifuata baada ya mwaka 1945, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyoifanya chai niliyoikuta. La kwanza ni kuondoka kwa mabwanyenye. Jeshi lililoikalia nchi liliyavunja makampuni makubwa ya kifamilia, kodi ya mali ikawakamua matajiri, na mikusanyo yao ikaingia katika majumba ya makumbusho, kama lile la Nezu, lililofunguliwa tangu mwaka 1941, na baadaye la Gotoh mwaka 1960 na la Hatakeyama mwaka 1964. Mabakuli yaliyokuwa yakinywewa yakaanza kutazamwa kwa kupitia kioo. La pili ni kuingia kwa wanawake kwa maelfu. Wajane wa vita waliojifunza chai usichanani waligundua kwamba ule ujuzi wa mapambo ulikuwa mtaji: chumba cha mikeka sita, birika moja, wanafunzi wanane kwa wiki, na mtoto anakwenda shule. Viwanda vya nguo na makampuni yakafungua madarasa ya chai kwa wafanyakazi wao wa kike. Shule za sekondari zikawa na klabu. Kufikia miaka ya 1960 na 1970, wakati uchumi ukipaa, binti aliyekuwa akitafutiwa mume aliandika chai katika maelezo yake kama vile leo mtu anavyoandika kwamba anajua kompyuta.

Sensei alikuwa mmoja wao. Alianza akiwa na miaka 19, mwaka 1961, kwa sababu mama yake alimwamuru. Aliniambia kwamba alichukia kila dakika mpaka alipozaa mtoto wa pili, ndipo akatambua kwamba Jumamosi alasiri ni muda pekee katika wiki ambao hakuna mtu angemwomba kitu. "Pale mbele ya birika," alisema, "mama mkwe hawezi kuniita." Wapo wanaoitazama chai ya wanawake wa zama hizi kama chai iliyoporomoka, adabu tupu isiyo na falsafa, na huiandika hukumu hiyo kwa urahisi, mara nyingi wakiwa wanaume. Mimi niliyeketi miaka mitatu na wanawake wale siwezi. Walijua majina ya wachongaji wa vijiko vya mwanzi wa karne tatu. Walijua ua gani la Novemba haliwekwi na chombo gani. Walibishana.

Lakini mfumo uliowabeba haukuwa wa bure. Iemoto peke yake ndiye anayeweza kutoa idhini ya kujifunza kila ngazi, na idhini ina cheti, na cheti kina bei, ambayo hupanda kwa kadiri unavyopanda. Katika mwaka wangu wa pili Sensei aliniambia kwa furaha kwamba nimestahili kuombewa cheti kinachofuata, na nikatia katika bahasha nyeupe noti mpya, kwa maana zilizokunjika ni utovu wa adabu, kiasi kilichozidi chakula changu cha mwezi. Nilinung'unika kwa wiki nzima. Kisha nikafanya hesabu nyingine: fedha za bahasha kama zangu, kutoka kwa kina mama wa nchi nzima, ndizo zilizolisha mafundi wa mabirika, mabakuli, vitambaa na chaseni baada ya makabaila na mabwanyenye kutoweka. Mlinzi wa sanaa hii katika nusu ya pili ya karne alikuwa mama wa nyumbani, na jina lake halimo katika orodha yoyote ya walinzi wa sanaa.

Sauti kali zaidi dhidi ya mfumo huo ilikuwa ya Yanagi Soetsu, mwanafalsafa wa vitu vya mikono ya watu wa kawaida. Mwaka 1931 aliruhusiwa kuliona bakuli mashuhuri kuliko yote, Kizaemon, linalohifadhiwa Kohoan, hekalu dogo ndani ya Daitokuji. Lilitolewa kutoka katika masanduku yaliyomo ndani ya masanduku, hariri ndani ya hariri. Akakiona alichotarajia kukiona: chombo cha kawaida kabisa cha Korea, cha kulia wali wa maskini, kilichofinyangwa haraka na fundi asiyejua kwamba anaumba kitu cha kuheshimiwa. Kwa Yanagi huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba mabingwa wa kwanza wa chai walikuwa na macho, na warithi wao wamebaki na masanduku. Nakubaliana naye nusu. Masanduku nayo yalibeba kitu, la sivyo asingekuwa na bakuli la kulitazama.

Sen Genshitsu alichukua uongozi wa Urasenke mwaka 1964, baada ya kifo cha baba yake. Alikuwa amekwisha kwenda Hawaii na Marekani bara mwaka 1951, miaka sita tu baada ya kunusurika kufa ili kuzipiga meli za nchi hiyo, na tangu hapo aliizunguka dunia akipeleka bakuli la chai kwa marais, mapapa na wafalme, kwa kauli mbiu ya amani kutoka bakuli moja. Kuanzia miaka ya 1970 nyumba yake iliwachukua wageni kujifunza Kyoto kwa ufadhili. Mtu anaweza kusema kwamba ilikuwa diplomasia iliyoisafisha Japani, au kwamba ilikuwa biashara, na yote mawili yana ukweli. Lakini mwaka 2011, akiwa na miaka 88, aliandaa chai ya kuwakumbuka waliokufa juu ya mabaki ya Arizona, meli ya kivita ya Marekani iliyozamishwa na Wajapani kule Pearl Harbor, na sioni biashara gani inayomtoa mzee wa umri ule kwenda kupiga magoti mahali pale. Alifariki tarehe 14 Agosti 2025, akiwa na miaka 102, siku moja kabla ya kutimia miaka 80 tangu vita viishe.

Mimi nilimwona mara moja, kwa mbali, katika mkusanyiko wa wazi wenye mamia ya watu. Chai siku ile iliandaliwa mezani, watu juu ya viti, kwa utaratibu wa mwaka 1872. Wazee wenye magoti mabovu walishukuru sana. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu aliniambia, huku akiunyoosha mguu wake, kwamba anapenda kuona mambo ya kale yakifanywa bado kama yalivyokuwa.

Niliondoka Kyoto mwaka 2016. Siku ya mwisho nilipoinuka kutoka mkekani miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka kwa goti moja mbele ya shubaka, na Sensei akacheka hadi akajifuta machozi kwa karatasi ya kuwekea vitamu. Tuliandikiana kwa simu mara mojamoja. Ugonjwa wa korona ulipoingia aliyafunga masomo, na mwezi wa Oktoba 2020 akanitumia picha: sinia jeusi lenye mabakuli manne madogo ya koicha, kila moja na lake, na maelezo kwamba sasa wanafuata ule utaratibu wa zamani wa bakuli moja kwa mtu mmoja. Aliandika "wa zamani". Ulikuwa na umri wa miaka 109.

Niliikuza picha ile kwa vidole kutazama chumba. Nyuma ya sinia, jiko lilikuwa wazi, na kipande kimoja cha ule mkaa wa udongo kilikuwa kimepasuka katikati, koili ikionekana. Nikamwambia. Alijibu kwamba amekwisha kuagiza kingine, kitachukua wiki mbili kufika, na kwa sasa wageni anawakalisha upande wa pili.